Sura ya Tano: Nembo ya Mmoja, Mshahara wa Mwingine

Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, abiria waliosafiri kutoka Newark kwenda Buffalo, magharibi mwa jimbo la New York, walikuwa na tiketi za Continental, moja ya mashirika makubwa ya ndege ya Marekani wakati huo. Ndege ilipakwa rangi za Continental na ubavuni ikaandikwa Continental Connection. Lakini mwajiri wa marubani wale hakuwa Continental. Walikuwa wa Colgan Air, kampuni ndogo iliyorusha ndege kwa niaba ya mashirika makubwa, na ndiyo iliyowalipa mishahara na kuwapangia zamu. Saa nne na dakika 17 usiku, kilomita chache kabla ya kufika uwanjani, ndege ile iliangukia nyumba katika kitongoji cha Clarence Center. Watu wote 49 waliokuwa ndani walikufa, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Ilikuwa Bombardier Q400, ndege ya mapangaboi inayojulikana vizuri na wasafiri wa Afrika Mashariki, kwa kuwa Air Tanzania na Jambojet wanaitumia katika safari zao. Wachunguzi hawakukuta hitilafu ya mitambo. Walichokuta ni kosa la marubani, na walipolifuatilia kosa hilo kurudi nyuma wakakutana na maisha ya kazi ambayo abiria wengi wa Marekani hawakujua kwamba yapo.

Maisha hayo ndiyo yatakayotushughulisha katika sura hii. Hoja yangu ni kwamba hali duni ya kazi ya marubani wa mashirika ya ndege ya mikoani nchini Marekani haikuletwa na ubahili wa kampuni moja, wala si zao la kawaida la soko ambalo hakuna mtu anayeweza kulisogeza. Ililetwa na mpango wa kimkataba unaolipatia shirika kubwa tiketi, nembo na mapato, halafu unaliachia shirika dogo mishahara, uchovu na lawama. Katika mpango huo, anayeketi na marubani kwenye meza ya majadiliano si yule mwenye fedha, na mwenye fedha haketi mezani. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka ishirini migogoro ya kazi katika mashirika haya ilizunguka palepale, mpaka pale marubani walipoadimika na fedha zilizosemwa kuwa hazipo zikaonekana.

Chimbuko la mpango huo ni mwaka 1978, Bunge la Marekani lilipoondoa udhibiti wa serikali juu ya nauli na njia za ndege. Mashirika makubwa yalijikusanya kwenye viwanja vikuu vichache, na yakahitaji mtu wa kuyaletea abiria kutoka miji midogo. Kazi hiyo ikachukuliwa na kampuni ndogo zenye ndege za mapangaboi. Katika miaka ya 1990 zikaja jeti ndogo za abiria 50. Comair, kampuni iliyokuwa na makao yake karibu na Cincinnati, ilianza kuzitumia mwaka 1993. Hapo kampuni za mikoani zikaacha kuwa vijito vya kulisha mto, zikawa sehemu ya mto wenyewe. Kufikia wakati wa ajali ya Buffalo, karibu nusu ya safari zote za ndani za ndege za abiria nchini Marekani zilikuwa zikirushwa na kampuni hizi, huku abiria wengi wakiamini kwamba wamepanda Delta, United, American au Continental.

Mkataba wa kawaida kati ya pande hizo mbili hufanya kazi hivi. Shirika kubwa hupanga njia, ratiba na nauli, huuza tiketi na kuchukua mapato yote. Kampuni ndogo hulipwa ada maalumu kwa safari inazorusha, ndege ijae au iwe tupu. Mara nyingi mafuta hugharamiwa na shirika kubwa. Sasa mtu ajiulize: kama bei ya mafuta haiko mikononi mwako, nauli hupangi, na ndege zenyewe umekodi kwa masharti yasiyobadilika, gharama gani inabaki unayoweza kuipunguza ili ushinde zabuni inayofuata? Inabaki ya watu. Marubani, wahudumu, mafundi. Kampuni iliyokuwa na marubani wakongwe, na kwa hiyo mishahara mikubwa, ilionekana ghali ilipolinganishwa na kampuni iliyoanzishwa juzi. Uzoefu, ambao abiria yeyote angeuombea uwepo kwenye chumba cha marubani, ukageuka kuwa kasoro kwenye mahesabu ya zabuni.

Matokeo yake yalionekana kwenye hati za mishahara. Rubani wa ndege za abiria Marekani hulipwa kwa saa, na saa hizo kwa kawaida huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena. Muda wa kukagua ndege, kungoja hali ya hewa itulie, kukaa uwanjani saa nne kati ya safari moja na nyingine, hauingii kwenye hesabu hiyo, au huingia kwa posho ndogo tu. Kuelekea mwaka 2010, rubani msaidizi aliyeanza kazi katika kampuni ya mikoani alilipwa kati ya dola 20 na 25 kwa saa. Tuchukue dola 22, na tuchukue saa 75 za uhakika kwa mwezi, kiwango kilichokuwa cha kawaida: zinakuja dola 1,650 kwa mwezi, yaani dola 19,800 kwa mwaka kabla ya kodi. Mtu huyo huenda amekopa makumi ya maelfu ya dola kulipia mafunzo yake. Na kwa saa hizo 75 za malipo, aliweza kuwa kazini au mbali na nyumbani kwa saa mara tatu zaidi.

Mkasa wa rubani msaidizi wa ndege ya Buffalo unaonyesha maana ya tarakimu hizo. Alikuwa mwanamke wa miaka 24. Kituo chake cha kazi kilikuwa Newark, pwani ya mashariki, lakini aliishi kwa wazazi wake karibu na Seattle, upande wa pili wa bara. Jioni ya tarehe 11 aliondoka Seattle kwa kuomba nafasi kwenye ndege ya mizigo, akashuka Memphis usiku wa manane, akaunganisha na ndege nyingine ya mizigo, akafika Newark saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Mchana wake aliupitishia kwenye chumba cha mapumziko cha wafanyakazi. Safari ya Buffalo ikachelewa zaidi ya saa mbili, na ndege ikaruka saa tatu na dakika 18 usiku. Kinasa sauti cha ndege kilimnasa akizungumzia mafua yaliyomsumbua, na gharama ya hoteli ambayo ingemwangukia kama angejitoa kazini akiwa mbali na nyumbani. Katika kikao cha hadhara cha Mei 2009, mshahara wake ulitajwa kuwa takriban dola 16,000 kwa mwaka. Baadaye kampuni ikasema kiasi sahihi kilikaribia dola 24,000. Hata tukiichukua tarakimu ya kampuni, haikutosha kupanga chumba cha heshima katika eneo la Newark. Rubani mkuu naye alikuwa akisafiri kutoka Florida, na usiku uliotangulia alikuwa kwenye chumba kilekile cha wafanyakazi. Kumbukumbu za kompyuta zilionyesha kwamba saa tisa na dakika kumi alfajiri alikuwa macho, ameingia kwenye mfumo wa kampuni.

Msomaji anaweza kudhani hao wawili walikuwa wa pekee. Hawakuwa. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri, inayofahamika kwa kifupi kama NTSB, iliwahesabu marubani wa Colgan waliopangiwa Newark: kati ya 137, watu 93 walikuwa wakisafiri kutoka mbali kufika kituo cha kazi. Kati yao 49 walitoka zaidi ya kilomita 640, na 29 walitoka zaidi ya kilomita 1,600. Asilimia 68 ya wafanyakazi wa kituo wanapoishi mbali nacho, hatuwezi tena kuzungumzia tabia ya mtu mmoja asiyejipanga. Vituo vilifunguliwa na kufungwa kadiri shirika kubwa lilivyohamisha ndege, na mshahara haukumruhusu mtu kuhamisha familia kila mara. Kwa hiyo marubani waliishi walikoweza, wakalala kwenye viti vya vyumba vya mapumziko au kwenye nyumba za kuchangia kitanda karibu na uwanja, kisha wakavaa sare na kwenda kazini.

Hapa pana pingamizi linalostahili jibu la haki. NTSB ilipotoa taarifa yake mwaka 2010, haikuutaja mshahara wala uchovu katika chanzo cha ajali. Ilisema rubani mkuu alikosea jinsi alivyoitikia tahadhari: usukani ulipotikisika kumwonya kwamba mwendo umepungua mno, aliuvuta kuelekea kwake badala ya kuusukuma mbele, na mabawa yakapoteza nguvu ya kuibeba ndege. Rekodi yake ilionyesha kwamba aliwahi kushindwa majaribio kadhaa ya urubani. Kwa nini basi tuingize mambo ya mishahara? Jibu ni kwamba bodi hiyo haikusema marubani hawakuchoka. Ilisema walikuwa na dalili za uchovu, ila haikuweza kupima ulichangia kiasi gani, na mwenyekiti wake, Deborah Hersman, hakukubaliana na wenzake: aliandika kwamba uchovu ulipaswa kutajwa miongoni mwa yaliyochangia. Ugumu wa kuupima uchovu ni sehemu ya hatari yake. Chuma kilichovunjika huokotwa kwenye mabaki na kupelekwa maabara. Usingizi uliokosekana hauachi masalia.

Tena kuna matukio ambayo uchovu ulijionyesha waziwazi zaidi. Oktoba 2004, ndege ndogo ya Corporate Airlines ilianguka ilipokuwa ikikaribia Kirksville, Missouri, na watu 13 kati ya 15 walikufa. Marubani walikuwa kazini kwa zaidi ya saa 14, katika safari yao ya sita ya siku hiyo, na NTSB ilisema uchovu huenda ulichangia. Februari 2008, jeti yenye nembo ya go!, iliyorushwa na kampuni ya Mesa, iliondoka Honolulu kwenda Hilo, safari isiyofika saa nzima. Marubani wote wawili wakapitiwa na usingizi mchana kweupe. Waongozaji wa ndege waliwaita kwa takriban dakika 18 bila jibu, huku ndege ikipita juu ya Hilo na kuelekea baharini. Waliamka, wakageuka, wakatua salama. Uchunguzi ulieleza kwamba rubani mkuu alikuwa na ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini ambao haukuwa umegunduliwa, na kwamba zamu za kuanza alfajiri siku kadhaa mfululizo zilichangia. Matukio haya mawili na la Buffalo yalitokea ndani ya miaka mitano, yote kwenye kampuni za mikoani. Hatuhitaji kudai kwamba mshahara mdogo uliangusha ndege. Inatosha kuona kwamba mfumo ulipunguza akiba ya nguvu na umakini wa watu waliotegemewa pale mambo mengine yanapoharibika.

Pingamizi la pili husema hiki ni kipindi cha uanagenzi. Rubani kijana huvumilia miaka michache ya shida, kisha hupanda kwenda shirika kubwa na kulipwa vizuri. Kwa waliobahatika, ndivyo ilivyokuwa. Lakini ngazi hiyo ilikatika mara kwa mara. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 mashirika makubwa yaliwasimamisha kazi maelfu ya marubani. Mwishoni mwa 2007 umri wa kustaafu ukasogezwa kutoka miaka 60 hadi 65, na nafasi zilizotarajiwa kuachwa wazi zikabaki na wenyewe kwa miaka mingine mitano. Ukiongeza mdororo wa uchumi wa 2008, watu walioingia kwenye kampuni za mikoani wakiwa vijana walijikuta wana watoto wa sekondari wakiwa bado palepale. Na muhimu zaidi, mwanafunzi wa uanagenzi kwa kawaida hufanya kazi chini ya fundi. Marubani hawa walibeba abiria walewale, kwenye hali ya hewa ileile, wakitua mara tano au sita kwa siku, wakati wenzao wa ndege kubwa hutua mara mbili. Abiria wa Buffalo hakupewa punguzo la nauli kwa kuwa rubani wake yuko kwenye uanagenzi.

Kama hali ilikuwa mbaya kiasi hicho, kwa nini marubani hawakugoma? Sehemu ya jibu iko kwenye sheria. Kazi za mashirika ya ndege Marekani husimamiwa na Sheria ya Kazi za Reli ya mwaka 1926, iliyopanuliwa mwaka 1936 kuingiza usafiri wa anga. Chini yake, mkataba wa hali bora hauishi muda. Hufika tarehe ambapo unaweza kurekebishwa, na masharti ya zamani huendelea kutumika wakati majadiliano yakijivuta, hata kwa miaka. Chama hakiwezi kugoma mpaka Bodi ya Taifa ya Upatanishi itamke kwamba upatanishi umekwama, kisha zipite siku 30 za kutuliza hasira. Hata hapo Rais anaweza kuunda bodi ya dharura na kuusimamisha mgomo. Februari 1997 marubani wa American Airlines walianza mgomo usiku wa manane, na mzozo wenyewe ulihusu nani atarusha jeti ndogo za mikoani: wao au kampuni tanzu yenye mishahara midogo. Rais Bill Clinton aliingilia kati, na mgomo haukufikisha hata saa moja.

Mgomo mkubwa uliofika mwisho wake ulikuwa wa Comair. Tarehe 26 Machi 2001 marubani wapatao 1,350 waliacha kazi, na kampuni nzima ikasimama. Walidai mishahara bora, muda zaidi wa kupumzika, na mfuko wa kustaafu. Delta ilikuwa imeinunua Comair mwaka mmoja tu kabla, ikaimiliki yote, lakini iliendelea kusema hizo ni kampuni mbili tofauti zenye mikataba tofauti. Mgomo ulidumu siku 89. Marubani walipata sehemu kubwa ya walichodai, na kwa muda mkataba wao ukawa kipimo kwa kampuni nyingine za aina hiyo. Kwa juu juu, huu ni ushahidi kwamba umoja ni nguvu na kwamba sheria, pamoja na uzito wake, ilitoa nafasi.

Lakini tuufuate mkasa hadi mwisho. Septemba 2005 Delta na Comair ziliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi, na marubani wa Comair wakabanwa wapunguze waliyoyapata. Ndege zao zikaendelea kupungua mwaka hadi mwaka, safari zikipelekwa kwa kampuni nyingine zilizobeba nembo ileile ya Delta. Tarehe 29 Septemba 2012 Comair ilirusha safari yake ya mwisho. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama, na ni kweli kwamba jeti za abiria 50 zilikuwa zimeacha kulipa bei ya mafuta ilipopanda. Hata hivyo abiria wa Cincinnati hawakukosa ndege ya Delta. Kazi iliendelea, wafanyakazi ndio waliobadilishwa. Somo hilo marubani wa nchi nzima walilielewa. Mwaka 2014 marubani wa Envoy, kampuni tanzu ya American, walikataa mkataba uliobana mishahara. Kampuni mama ikasema ndege mpya zitakwenda kwa wengine, na ndege zikaanza kuhamishwa. Mwaka uliofuata marubani walikubali masharti waliyoyakataa kwa sehemu kubwa, ili wapewe Embraer 175. Mwajiri wao hakuwa amewashinda kwa hoja. Waliwekwa kwenye mnada na marubani wenzao.

Mnada huo unauma zaidi kwa sababu ya desturi ya ukongwe kazini. Mshahara, zamu, likizo na cheo cha rubani hufuata nafasi yake kwenye orodha ya kampuni yake. Akihama, hata akiwa kapteni wa miaka 20, huanzia mkiani mwa orodha mpya, akiwa rubani msaidizi kwa mshahara wa anayeanza. Kwa hiyo kitisho cha kufunga kampuni si kitisho cha kutafuta kazi nyingine ya aina ileile, ni kitisho cha kufutiwa maisha yote ya kazi. Na vyama vyenyewe havikosi lawama. Marubani wa mashirika makubwa walijadiliana vifungu vinavyoweka mpaka wa ndege zinazoweza kupewa kampuni za mikoani, kwa kawaida zisizidi viti 76. Mpaka huo uliwalinda wao, lakini pia ulikubali kwamba chini yake kuwe na daraja la pili la marubani. Chama cha marubani cha ALPA kiliwakilisha madaraja yote mawili, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la marubani wa Comair na Atlantic Southeast lilikishtaki mahakamani kwa kutowatetea kwa haki. Mgawanyiko wa waajiri ulikuwa umezaa mgawanyiko wa waajiriwa.

Mabadiliko ya kwanza ya maana hayakutoka kwenye meza ya majadiliano; yalitoka kwa wafiwa. Familia za waliokufa Buffalo zilikwenda Washington tena na tena, na Agosti 2010 sheria mpya ikasainiwa. Iliagiza kwamba rubani msaidizi naye awe na leseni ya juu, ambayo kwa kawaida huhitaji saa 1,500 angani, wakati awali saa 250 zilitosha kisheria. Iliagiza wauza tiketi mtandaoni wamwonyeshe abiria ni kampuni gani itakayoirusha ndege yake. Iliagiza pia kanuni mpya za uchovu, ambazo zilianza Januari 2014: mapumziko yasiyopungua saa 10 kabla ya zamu, yenye nafasi ya kulala saa nane bila kukatizwa, na ukomo wa zamu unaotegemea saa ya kuanza kazi. Kabla ya kanuni hizo zamu iliweza kufika saa 16, na mapumziko yakabanwa hadi saa nane ambazo ndani yake mtu alisafiri kwenda hotelini, akala, akaoga na kurudi.

Wapinzani husema kanuni ya saa 1,500 ndiyo iliyoleta uhaba wa marubani, kwa sababu iliwalazimisha vijana kutumia miaka wakifundisha au kuvuta mabango kwa ndege ndogo bila kujifunza yanayohitajika kwenye jeti. Ni kweli kwamba saa si ubora, na marubani wote wawili wa Buffalo walikuwa na zaidi ya saa 1,500. Ni kweli pia kwamba usalama ulioonekana baada ya sheria hiyo ulikuwa na sababu nyingi, zikiwamo mafunzo mapya ya kukabiliana na ndege inapopoteza mwendo. Na usalama huo haukuwa wa milele: Januari 2025, ndege ya kampuni ya mikoani ya PSA iliyokuwa ikirushwa kwa nembo ya American Eagle iligongana na helikopta ya jeshi jijini Washington na watu 67 wakafa, ingawa maswali ya uchunguzi yalielekea kwenye njia za helikopta na uongozaji wa anga. Lakini kuhusu uhaba, mpangilio wa mambo unasema kitu kingine. Kazi iliyolipa dola 20,000 kwa mafunzo yanayogharimu mara kadhaa ya hizo ilikuwa tayari inawafukuza vijana kabla ya kanuni yoyote. Sheria iliondoa uwezekano wa kuziba pengo kwa watu wasio na uzoefu, na hapo bei halisi ya rubani ikaanza kujulikana.

Ilijulikana kikamilifu baada ya janga la korona. Mashirika makubwa yalikuwa yamewastaafisha maelfu ya marubani mapema, na abiria waliporudi yaliajiri kwa kasi kutoka kampuni za mikoani. Juni 2022 kampuni tanzu za American, zikiwamo Piedmont na Envoy, zilitangaza kwamba rubani msaidizi anayeanza atalipwa dola 90 kwa saa. Hiyo ni mara nne ya dola 22 tulizopigia hesabu hapo juu, kwa kazi ileile. Washindani wakafuata muda mfupi baadaye. Fedha zilitoka wapi? Hazikutoka kwenye akiba ya kampuni ndogo. Republic Airways, mojawapo ya kampuni hizo, ilikuwa imeingia kwenye ufilisi mwaka 2016 ikilalamikia ukosefu wa marubani. Zilitoka kwa shirika kubwa, ambalo siku zote lilikuwa na uwezo wa kulipa na halikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Kwa miaka mingi marubani waliambiwa kwamba mishahara hiyo ingeua kampuni. Nguvu ilipohama upande, jibu lilibadilika ndani ya msimu mmoja.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote: miji midogo. Machi 2022 kampuni ya mikoani ya SkyWest ilitoa taarifa ya kuacha kuhudumia miji 29 iliyokuwa kwenye mpango wa serikali wa ruzuku ya usafiri wa anga, ikitaja uhaba wa marubani. Mgonjwa anayepaswa kufika hospitali ya rufaa, au biashara inayotegemea mgeni kufika siku hiyohiyo, hupata hasara ya kweli ndege inapoondoka. Sipuuzi hasara hiyo. Lakini ruzuku kwa miji midogo ilianzishwa mwaka 1978 kwa sababu taifa lilikubali kwamba huduma hiyo ni ya umma na ina gharama. Kama ni ya umma, gharama yake ilipwe na umma, kwa uwazi, kwenye bajeti. Kwa muda mrefu sehemu ya ruzuku ilitolewa na rubani wa miaka 24 kutoka kwenye mshahara wake na usingizi wake, bila kura ya bunge lolote. Huduma iliyosimama juu ya ruzuku ya namna hiyo ilikuwa lazima iyumbe siku aliyeitoa alipopata kazi bora.

Mishahara ya leo haijamaliza tatizo, kwa sababu imeletwa na uhaba, na uhaba huisha. Mdororo ujao utakapowajaza marubani mitaani, mkataba wa kukodi safari utakuwa palepale, na mnada utafunguliwa tena. Kinga ya kudumu ni kuufuata wajibu pale mamlaka yalipo. Shirika linalopanga ratiba, kuuza tiketi na kuweza kuhamisha ndege kutoka kampuni moja kwenda nyingine ni mwajiri kwa vitendo, na linapaswa kuketi kwenye meza ya majadiliano na watu wanaovaa nembo yake. Ukongwe wa rubani ufuate kazi anayoifanya kwa niaba ya shirika hilo, ili kampuni moja ikifungwa asirudishwe mwanzo. Na mapumziko yalindwe na sheria, yasiachwe kuwa kitu cha kupunguziana bei kwenye zabuni. Hakuna kati ya haya kinachohitaji teknolojia mpya wala fedha zisizokuwepo. Mwaka 2022 umekwisha kuthibitisha kwamba zipo. Kinachohitajika ni kukubali kanuni moja: anayechukua nauli ya abiria awajibike kwa hali ya mtu aliyemkabidhi abiria huyo.